Mke Mwenza Anaulizia Mvua

...na mtu gani mwenye akili zake anapanda ndege kutoka Maskati, anateremka Dar es Salaam, anachukua teksi mpaka huku Temeke, anaketi kwenye kigoda uani kwa watu na kanzu yake nyeupe pe, halafu anauliza mvua, Bi Hamisa alijisemea moyoni, macho kwenye ungo, kidole kikisaka vijiwe ndani ya mchele, mvua, hajauliza kaburi la baba yake, hajauliza mama mdogo unakula nini, mvua, "inaanza mwezi gani hasa, mama mdogo, na inakaa siku ngapi?" naye akamjibu, "Inaanza ikitaka," maana ukimjibu mtu sawasawa swali la kwanza umeshamfungulia mlango wa la pili... na huyu Muhannad ni mtoto wa Mahfudha, mke mwenzake, pua ni ileile ya marehemu Matar, imekaa usoni kama imetumwa kukagua, aliondoka hapa kabebwa begani na mjomba wake, miaka ile ya kutaifisha, ndugu zake Mahfudha waliposema sie hatukai, wakamdai Matar talaka ya dada yao, wakapata, wakaondoka naye, na Mahfudha akapita mbele ya mlango wa Hamisa kajitanda buibui, hakugeuka, hakusema hata kwaheri, wamekula sufuria moja miaka yote ile na hakusema kwaheri, hilo halijamtoka Hamisa rohoni mpaka leo, kama mwiba wa samaki kooni, hauui lakini upo... akabaki yeye na Matar, Mungu hakumpa mtoto, alimpa kumuuguza mume, akamuuguza, akamfumba macho, na nyumba ikabaki naye, vyumba sita na bati juu, na hakuna aliyekuja kuiulizia mpaka asubuhi hii.

"Mama anauliza, usiku joto linapungua?" Ehe, mama anauliza, kumbe yuhai, "maana anataka kurudi, mama mdogo, kasema kwanza nimchunguzie hali ya hewa kabla hajahama," hali ya hewa, msikie, kama yule wa redioni, mwanamke kazaliwa Kunduchi, kalala humu kaskazi ngapi akijipepea kwa ukindu, leo anachunguziwa hali ya hewa kama Mzungu wa kwanza kushuka melini, na huko Maskati kwenyewe waliokwenda wanasema yai unalikaanga juu ya jiwe, sasa watu wa huko ndio wa kuulizia joto la Temeke, hapana, hapa pana jambo, anayeuliza mvua anauliza paa, na anayeuliza paa anauliza nyumba, na huyu ni mtoto wa kiume wa Matar, akienda kwa kadhi akafungua kinywa tu fungu lake lipo, kubwa kuliko la kizee asiye na mtoto... si jana tu Farida jirani kaja kumnong'oneza, yule bibi wa mtaa wa nyuma, wajukuu wa mume walikuja hivihivi, kwa shikamoo na biskuti, tangu ruksa ya biashara iingie kila mwenye kipande cha uwanja anaonekana ana mtaji, wiki haikuisha nyumba imeuzwa, leo pale ni duka la mitumba na friji la soda mlangoni, na bibi yuko Vingunguti kwa mpwa wake, analala na harufu ya machinjio, Farida kaapa kamwona kwa macho yake, na Farida huongeza chumvi lakini mchuzi wenyewe huwaga upo.

"Joto?" Bi Hamisa akapeta ungo kidogo, pumba zikaruka mpaka kwenye kanzu nyeupe, "mwanangu, juzi mshumaa umejikunja mezani haujawashwa, na feni usiitaje, kuna mgao, umeme unakujaga kusalimia tu unaondoka." "Na mbu?" "Tunawajua kwa majina." "Na masika?" "Masika we acha, mwaka juzi nimemkuta kambare uvunguni, nikampika." Muhannad hakucheka, alifuta jasho, akatikisa kichwa pole pole kama mwanachuoni anayehifadhi, atayabeba yote kama yalivyo, na Bi Hamisa akasikia utamu chini ya ulimi, abebe, ampelekee mama yake, kambare na mshumaa, abaki hukohuko kwenye viyoyozi, ingawa nyumba hii iko mwinukoni na maji hayajawahi kuvuka hata kizingiti, kambare yule ni wa watu wengine, wa bondeni... "Na kipupwe je?" "Kipupwe unavaa makoti mawili."

"Na lile bati, mama mdogo, hili mama kanisisitiza nisilisahau, mvua ikinyesha, bado humo ndani hamsikiani?"

Kidole kikasimama. Bati... nani anauliza bati, nani duniani anajua la bati isipokuwa... na mara ni masika, mvua inapiga juu kama kokoto, na Mahfudha yule anavuka ukumbi peku, anaketi kitandani kwa Hamisa, mdomo sikioni, kwa sababu Matar, Mungu amrehemu, alikuwa na masikio hata ukutani, akilala chumba cha kati, na kazi yake ilikuwa kubeba maneno, huyu kasema hivi, yule kasema vile, na kiangazi kizima wanawake wawili wamenuniana, mpaka mvua ya kwanza, "Hamisa, ni kweli umesema mchuzi wangu maji ya kunawia?" "Mie? Si kaniambia wewe ndo umeusema wangu," wakatazamana, wakacheka mpaka wakauma kanga, na Matar huko anapiga kelele mnasema nini, hasikii kitu, na mvua ikikatika wanabinua midomo, kila mtu chumbani kwake, wamenuna vizuri, ili asijue... vuli hivyo, masika hivyo, maneno yote ya mwaka yakingoja wingu... na aliondoka lini yule, kanga zilikuwa zinakauka kabla hujazianika, vumbi mpaka kwenye uji, ndiyo, kiangazi kikavu, Matar kakaa chumba cha kati na masikio yake, ndugu wamesimama mlangoni, bati kimya kabisa juu yao, sasa angeaga vipi, angesema neno gani ambalo lisingesikika... miaka yote amekaa na mwiba na hakuwahi kutazama juu.

Au ndio mtego wenyewe, Mahfudha naye alikuwa mjanja, nyumba ni nyumba na mke mwenza ni mke mwenza, fungu la Muhannad halijafutika kwa sababu ya kicheko, lakini vyumba sita, na Matar hayuko tena cha kati...

"Mama mdogo, hujanijibu," alisema Muhannad, jasho likimtiririka shingoni, jua palepale juu ya ukuta, hata wingu hakuna. Bi Hamisa akakiokota kijiwe kilichokuwa chini ya kidole chake, akakirusha kwa kuku.

"Hatusikiani kabisa," alisema. "Mwambie hivyohivyo. Na yule kambare, mwambie nilimzua tu."