Kamba ya Nguruwe

Kwetu, kijijini Daudi, nguruwe hatuwapimi kwa mzani. Tunawazungushia kifuani kamba yenye mafundo, na fundo ndilo linalotuambia kama nguruwe amefikia kuuzwa. Wangu walikuwa wanawahi, kwa sababu niliwachanganyia unga wa antibayotiki kwenye pumba ili wanenepe haraka.

Binti yangu Oliva alipokuwa mdogo, kila akikohoa nilimfungulia kapsuli ya antibayotiki, ile ya rangi mbili, kwenye uji. Hakuna daktari aliyeniandikia. Alinenepa, majirani wakanisifu, na mimi nikajivuna.

Sasa ana miaka kumi na minne, na akipanda kilima cha shule anahema kwa unene. Nilimwuliza nesi kama ni zile dawa. Akasema inawezekana, ila hakuna mwenye uhakika. Jibu gani hilo? Tangu siku ile, nikiwasikia nguruwe wakila, namsikia yeye akinywa uji.

Jana fundi alitaka vipimo vya sare. Futi ya kupimia sikuiona, nikachukua kamba ya bandani. Nilipomzungushia kifuani, vidole vyangu vikaanza vyenyewe kutafuta fundo.

Oliva hakugeuka.

"Mama," akasema, "nimeshafikia kuuzwa?"