Tanuri la Maji Mafu

Maji yaliingia kwenye mdomo wa tanuri taratibu, kama mgeni anayejua chakula kimeshaiva. Makaa yakalia mara moja, yakanyamaza. Mikate yangu ya kwanza ilikuwa bado ndani, haijashika hata rangi.

Nilikuwa mke mgeni. Nilikozaliwa mimi bahari haina makuu: hupanda kiasi cha upana wa kiganja, ikashuka, na ukisahau kandambili ufukoni utazikuta kesho zikikungoja. Nilidhani bahari zote zimelelewa na mama mmoja. Miaka mingi baadaye baharia mmoja aliniambia kuna pwani ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku, na nyingine ambako hupanda kuzidi nyumba ya ghorofa. Nikamwambia, "Baba, ulikuwa wapi nilipokuwa naolewa?"

Mume wangu aliniahidi kwamba siku nitakayouza mkate, tutahama kutoka kwa mama yake. Nikautamani mlango wangu mwenyewe kama mjamzito anavyotamani udongo.

"Moshi sitaki uani kwangu," mama mkwe alisema. "Jenga kule chini, penye mchanga mkavu."

"Maji hayafiki, mama?"

"Kwani unayaona, mwanangu?"

Sikuyaona. Ilikuwa wiki ya maji mafu, bahari inajaa kivivu na kupwa kivivu, sawasawa na ya kwetu. Nilikanda udongo mpaka kucha zikaisha. Wifi yangu, ambaye hakuwahi kuninyanyulia hata kijiko, alikuja na ufagio akaniondolea mwani mkavu uliolala pale mchangani. Nilimshukuru mpaka akaangalia pembeni. Kumbe mwani ule ndio alama ya bamvua, mahali yanapofika maji makuu mwezi unapoandama. Hata mtoto wa kule anajua.

Tanuri likakauka. Mwezi ukaandama. Alasiri ile nilikuwa nimeinama napuliza moto, naimba, mjinga mimi, nilipohisi kisigino kimelowa.

Nilichomoa mikate kwa mikono, mibichi, inanata, nikaikumbatia kifuani. Udongo ulianza kulainika, ukuta mmoja ukapiga magoti. Maji yalipofika mapajani nikageuka kuomba msaada.

Walikuwa wamepanga viti barazani. Mama mkwe, mawifi, majirani, kila mmoja na kikombe chake.

"Bi harusi!" wifi yule wa ufagio akapaza sauti. "Chumvi imetosha, au tukuongezee?"

Wakacheka mpaka mama mkwe akashika mbavu. Na katikati yao, mume wangu, aliyekulia pale akiogelea maji yale yale, aliyenitazama siku zote zile nikibeba udongo kwa ndoo.

Nilipanda mpaka mbele yake, unga ukinichuruzika tumboni.

"Ulijua?"

"Hukuniuliza," alisema, bila ubaya wowote. "Kaa kwanza, chai itapoa."

Kiti changu kilikuwa kimeshawekwa ubavuni pake. Juu yake palikuwa na kikombe, kimefunikwa kisahani ili inzi wasiingie.