Upepo Ulipokata Nkome

...na Ngassa alijifanya anatazama tanga, kana kwamba tanga lililolegea vile lilikuwa na cha kutazamwa, jekundu, limening'inia kwenye mlingoti kama khanga iliyosahaulika kambani, upepo ulikuwa umekata ghafla katikati ya mbio na Chacha, ameketi nyuma, mkono kwenye usukani, alikuwa amelisema neno lake kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya dagaa, "Mama ameuliza tena kama utakuja," halafu basi, na mashua zote sita zikanyamaza juu ya maji ya Nkome, kila moja na tanga lake jekundu, na Ngassa akabaki amepiga magoti karibu na mlingoti, ameshika kamba ya tanga dogo isiyovuta kitu, anatafuta aseme nini safari hii, kwa sababu mara ya kwanza alisema ni msimu wa kulima, mara ya pili akasema mtoto, Wema, ana homa, na kweli alikuwa na homa, lakini homa ilikwisha na yeye hakwenda... utaanzaje, utaingiaje kwenye ua wa mama yake Chacha kule Tarime, uketishwe, uletewe ugali, unawishwe mikono, na yeye anakutazama tu, na wote pale wanajua kwamba Chacha alishuka kwenye kifusi cha machimbo kumtafuta Boaz, mdogo wake, wa tumbo moja, akatoka na wewe. Akatoka na Msukuma wa Samuye ambaye hata jina lake la pili hakulijua. Hilo ndilo lililomkaa kooni tangu duara, lile shimo la kuchimbia, lilipoanguka, si giza, si vumbi, giza alishalizoea, vumbi alishalitema, ila hili, kwamba alichukua zamu ya mtu, kwamba ile mikono iliyofukua mawe mpaka kucha zikang'oka haikuwa inamfukua yeye, na alipoona mwanga, na uso wa Chacha ukachungulia tunduni, ule uso uliangalia, ukatulia kidogo, na Ngassa alijua, au alidhani anajua, kwamba ule utulivu ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni asiyemtarajia... "Umenisikia?" Chacha akauliza. "Nimesikia." "Haya." Ndivyo alivyo Chacha, halisukumi neno, analiweka hapo kama mtu anayekuwekea kigoda, ukitaka kaa, usipotaka simama. Mashua ikajigeuza yenyewe polepole, pua yake butu ikaelekea visiwani, pua iliyokatwa bapa kama sanduku, siku ya kwanza Ngassa alicheka, akasema hii si mashua, hii ni kihori cha kunyweshea ng'ombe, na Mama Agnetha, mstaafu wa mambo ya uvuvi, yule aliyezikusanya zote sita kutoka kwenye banda la chama cha wanamashua kilichokufa zamani, akamjibu bila kukasirika, "Hii inaitwa Mira, mwanangu, watu walikuwa wanaziunda uani kwao, mbao nyembamba zimeshonwa kwa waya wa shaba kama unavyoshona gunia, na zote duniani kipimo ni kimoja, urefu mmoja, tanga la ukubwa mmoja, ukishinda umeshinda wewe, ukishindwa usiisingizie mashua," na lile neno lilimwingia Ngassa, kwa sababu alikotoka yeye hakuna kilicholingana, mwenye duara ana pampu na baruti na gari, wewe una tindo na tochi, mnaingia mlima mmoja lakini hamko kwenye mbio moja, na hapa mtu anamwambia kuna mahali duniani watu walikaa wakakubaliana tanga lao lilingane... Maji yalikuwa yametulia kiasi cha kuona nzi wa ziwani wakipanda kwa mbali kama moshi wa tanuri la mkaa, na yeye ambaye hajui kuogelea, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona utotoni ni ya lambo, alikuwa ameketi juu ya ziwa lote hilo ndani ya mbao zilizoshonwa, na jaketi la kuelea limembana kifuani, na moyo wake unapiga taratibu. Hilo nalo lilimshangaza. Nyumbani bado halali mlango ukiwa umefungwa, Loveness, mkewe, amezoea, analala na mlango wazi na pazia tu, hajawahi kumlalamikia hata mara moja, anaamka asubuhi anafagia vumbi lililoingia na hasemi kitu, ubarikiwe Loveness, ubarikiwe kwa lile pazia... na Chacha ndiye aliyegundua kwamba moyo wa Ngassa bado uko kule chini, si daktari, Chacha alikuja akamkuta ameketi kibarazani saa ambayo wanaume wako kazini, akasema, "Baba Wema, mimi nimepata kazi ya kukarabati mashua za yule mama wa Nkome na kushindana nazo, zinahitaji watu wawili wawili, mmoja nyuma mmoja mbele, mimi sina wa mbele." Sina wa mbele. Na Ngassa alikwenda, maana mtu aliyekutoa chini ya mwamba humwambii hapana, lakini tangu siku ile kila anapopiga magoti hapa mbele anawaza, hapa palikuwa pa Boaz, angekuwa hai hapa angepiga magoti Boaz, mwepesi, mcheshi, aliyekuwa akizama duarani anapiga mluzi, na mimi nimemkalia nafasi yake. Nimemkalia chini na nimemkalia juu. Na mama yake anataka kuniona, kwa nini anataka kuniona kama si kupima, kuangalia alichopewa na alichonyimwa... Kutoka ufukweni ikaja sauti, maji yakiwa yamelala hivi sauti inatembea, mchungaji alikuwa ameleta ng'ombe kunywa kule kwenye matete, anawaita kwa Kisukuma, mmoja mmoja, sauti ndefu inayopanda mwishoni, na Ngassa akageuza shingo bila kujua, mtu wa Samuye akisikia hivyo hata akiwa wapi atageuka, na nyuma yake Chacha akacheka kidogo puani. "Huyo naye anaita kama wewe." "Kama mimi vipi?" "Kule chini. Hukumbuki?" Hakukumbuka, alikumbuka tu kiu, na jiwe lililomkandamiza mguu, na mlio wa maji yanayodondoka mahali asipoweza kupafikia. "Ulikuwa unaita ng'ombe," Chacha akasema, "unaita mpaka sauti inakauka, unanyamaza, unaanza tena, Kabula, sijui Milembe, unawaambia warudi jua linazama." Kabula na Milembe, ng'ombe wa baba yake, wa utotoni, Kabula mwenye pembe moja iliyopinda, hajawataja kwa mtu yeyote, hata kwa Loveness, Chacha atawajuaje, Chacha hawezi kuwajua isipokuwa... kamba ikamteleza mkononi akaiokota, haikuwa na maana kuiokota lakini aliiokota. "Wewe ulinisikia," akasema. "Nilikusikia muda mrefu tu. Wenzangu walishapanda, mwenye duara anasema tufunge, hakuna mtu tena, mimi nimelaza sikio kwenye mwamba nasikia mtu anachunga." Ngassa hakugeuka, aliogopa kugeuka, aliliuliza tanga, "Kwa hiyo ulijua si Boaz." Na Chacha hakukawia, hakuvuta pumzi kama mtu anayetoa siri, alijibu kama mtu aliyeulizwa jina la kijiji chake, "Boaz atatoa wapi Kisukuma, bwana? Na ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Nilijua ni wewe. Upande wa Boaz nilishagonga, nikasikiliza, nikagonga tena, kulikuwa kimya. Upande wako kulikuwa na mtu. Nikachimba kulikokuwa na mtu." Basi haikuwa... basi ule utulivu wa uso tunduni haukuwa wa kukosa aliyemtafuta, aliyefungua mlango alijua nani yuko ndani, alikuja kwa sababu yake, kucha zile ziling'oka kwa ajili yake, Ngassa wa Samuye, kwa jina au bila jina, na muda wote huu amekuwa akiubeba uhai wake kama kitu cha wizi, anauficha, anakula ugali wa mkewe kama mtu anayekula cha mwenzake, kumbe alipewa, kumbe alipewa mkononi, na mtoaji alikuwa ana macho na anaona anampa nani, na aliacha upande wa ndugu yake wa tumbo moja akaja upande wa sauti, ewe Mungu, mtu anafanyaje hivyo, anaondokaje pale kwenye kimya cha ndugu yake akaja kumfukua mchunga ng'ombe... machozi yalimtoka na hakuyafuta, jua lilikuwa kali juu ya maji, mtu anaweza kutokwa na machozi kwa jua. "Na mama?" "Mama nilimweleza. Aliniuliza, uliyemtoa ni nani, nikamwambia simjui vizuri, ila ana ng'ombe. Akalia, akalia sana, halafu akaniambia nikuangalie, usikae peke yako, na siku ukipata nafuu nikupeleke akuone. Ndiyo hiyo anauliza kila siku. Anasema Boaz hakupata mtu wa kumsikia, wewe ulipata, anataka kukuona ukiwa unapumua, basi, hana kingine." Kwenye mashua ya jirani mtu alipiga miayo, Mama Agnetha kule ufukweni alikuwa ameketi chini ya mwavuli na filimbi yake shingoni, hana haraka, hakuna aliyesogea hata urefu wa mkono, tanga lilikuwa vilevile, maji vilevile, na Ngassa alikuwa bado amepiga magoti mahali palepale, lakini magoti yale sasa yalikuwa yake, uzito wake mwenyewe juu ya mbao, akaviona vidole vya Chacha kwenye usukani, kucha zilizoota upya zimepinda kidogo, akaziangalia bila kukwepa, akasema neno ambalo alikuwa hajawahi kumwambia, maana kila alipolileta mdomoni lilikuwa linageuka kuwa samahani, akalisema kwa lugha ya nyumbani kwa sababu asante ya Kiswahili haikumtosha, "Wabeja, Chacha. Wabeja sana," na Chacha akaitikia kwa kichwa, na Ngassa akasema, "Mwambie mama nakuja. Nakuja na Loveness na mtoto. Muulize anapenda tumletee nini, mchele au karanga."