Chokaa Kwenye Rundo la Pili

Mtaa ule ulikuwa na karakana zilizobanana ukuta kwa ukuta, na ukitaka kuujua usianze na vibao vyake, maana Madoido, fundi rangi, alikuwa ameviandika vyote kwa mbwembwe hata havisomeki. Fuata chakavu. Asubuhi huingia kwa mikokoteni. Huchambuliwa, hutobolewa, huyeyushwa, humiminwa, hukerezwa, hung'arishwa, na jioni hutoka upande wa pili kama sufuria, pasi, bawaba na vipuri vya mashine za kusaga. Wanunuzi walitoka miji ya mbali kuja kuvifuata. Lakini hakuna fundi aliyekuwa na zana zote. Mwenye tanuri hana mashine ya kukereza, mwenye kukereza hana tanuri, na mng'arishaji hana chochote ila mota moja na kikohozi. Ukimwondoa mmoja, waliobaki wote watakaa barazani kupiga soga. Watu wa ofisini waliuita mpangilio huo kongano la viwanda, wakaufanyia na semina. Wenyewe waliuita kubebana.

Wa kwanza kushika chakavu alikuwa Mama Sumaku, mchambuaji. Jina alilipata kwa sumaku aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila kipande alikigusisha nayo: kikinata ni chuma, kikikataa ni alumini, na alumini ilikwenda kwa mdogo wake tanurini. Huyo mdogo wake walimwita Upawa, kwa vile alivyomimina madini ya moto bila kudondosha hata tone.

Mama Sumaku alikuwa na marundo mawili ya alumini. La kwanza lilikuwa la vitu vilivyo wazi: vifuniko, fremu za madirisha, sufuria zilizochoka. La pili lilikuwa la vitu vilivyozibwa, hasa shokapu za pikipiki, yale mabomba ya kupunguza mtikisiko, zenye mafuta na hewa iliyofungiwa ndani. Kitu kilichozibwa ukikitia motoni hakiyeyuki kwa adabu. Kinavimba, kisha kinapasuka, na madini yaliyomo chunguni yanaruka kumfuata aliye karibu. Hivyo ndivyo alivyokufa baba yao, Upawa akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo Mama Sumaku hakuvuka mlango wa tanuri. Aliuogopa moto wala hakuona haya kusema. Hata chakula cha mdogo wake alikiacha kizingitini.

Baada ya msiba ule mtaa ulijiwekea desturi. Kila kilichozibwa kilipita kwanza kwa Mzee Keekee, akakitoboa. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, na grisi hulificha, kwa hiyo alipomaliza alikipiga kipande chokaa. Chokaa maana yake kimetobolewa, tia motoni. Desturi hiyo haikuwa na mjadala. Watu wa tanurini hawakuhangaika kutafuta tundu, walitazama weupe basi.

Kisha ikaja habari ya mgeni. Afisa wa viwanda alikuwa anakuja kuamua kama mtaa uwekewe umeme wa maana na paa jipya, au uvunjwe, kila fundi apewe kiwanja chake mbali mbali huko nje ya mji. Mwenyekiti wa mtaa hakulala. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mafundi wale walijua kwamba wakitawanywa, kila mmoja atakufa njaa peke yake akiwa na nusu ya kazi mkononi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mwenyekiti alisema, akaagiza mtaa ufagiliwe na mawe ya kando ya mtaro yapakwe chokaa. Kazi hiyo alipewa nani? Madoido! Mtu ambaye ukimwomba akupakie mlango, atakupakia na kuku wako.

Asubuhi ya ugeni Mama Sumaku aliwekwa langoni pamoja na wanawake wengine, wamevaa fulana zinazofanana, wakatabasamu mpaka mashavu yakauma. Afisa alifika akiwa na kofia ngumu mpya, isiyo na mkwaruzo. Alikuwa mpole, anauliza maswali ya maana. Walimpitisha kwa wakerezaji, kwa wang'arishaji, kwa watengeneza mishikio, kisha Mwenyekiti akamnong'oneza Mama Sumaku: "Kimbia kajiandae kwenye marundo yako. Akitoka tanurini anakuja kwako."

Alipofika, kwanza alifurahi. Mawe yalikuwa meupe, mtaro msafi. Akainama apange rundo la pili, akabaki ameinama.

Madoido alikuwa amepaka mawe kwa fujo zake za kawaida, akikung'uta brashi huku na huku. Rundo la pili lote lilikuwa limerukiwa na chokaa. Kila shokapu ilikuwa na alama nyeupe. Na rundo lilikuwa limepungua.

Aliokota moja, akaipangusa grisi kwa kiganja, akaizungusha. Hakuna tundu. Akaokota ya pili. Hakuna. Ukutani, toroli la tanurini halikuwepo. Watu wa Upawa, walipoona mwenye marundo yuko langoni anatabasamu, walikuwa wamejichotea wenyewe. Wangekosea vipi? Chokaa si ile pale?

Hakupiga kelele. Mtaani pale kupiga kelele karibu na tanuri ni mwiko, maana aliyebeba chungu cha moto akishtuka, mnazika watu. Alitembea. Miguu ilitaka kukimbia, naye akatembea, akiwa ameshika shokapu ile kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alipita kwa mng'arishaji, ambaye alimtania, "Mama Sumaku, leo umependeza!" Alikuwa akisikiliza feni inayopuliza moto wa tanuri ikinguruma, na kila hatua alitarajia mlio.

Mlangoni watu walikuwa wamejaa. Afisa alikuwa mbele, karibu kabisa, akielezwa na Mwenyekiti jinsi mkoa mzima unavyopikia sufuria za hapa. Upawa alikuwa kando ya chungu, koleo mkononi, uso unang'aa kwa jasho na fahari.

Kizingiti kilikuwa mbele ya vidole vyake. Mama Sumaku alikitazama. Alimwona baba yake pale ndani, si vile alivyokuwa hai. Akapiga moyo konde, akavuka.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Zima feni, utoke."

Upawa aligeuka. Kumwona dada yake ndani ya chumba kile kulimtisha kuliko maneno yenyewe. "Dada, kuna wageni."

"Hizi hazijatobolewa. Madoido amezimwagia chokaa. Umeshatia ngapi?"

"Sijui. Nimetia, nimetia tu." Alitazama chungu. "Una hakika?"

"Sina. Hii niliyoshika haina tundu. Zilizomo humo sijui. Toka, nakuomba."

Mwenyekiti alikuja na tabasamu lililobaki mdomoni tu. "Mama Sumaku, mambo ya ndani tuyamalize baadaye. Unatuvunjia mtaa."

"Bora uvunjike na watu wake wakiwepo," alisema, akawageukia wengine. "Tokeni. Tokeni nyote, taratibu, msisukumane."

Upawa alizima feni. Alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika kwenye msumari wake kwa mazoea, akamshika afisa mkono kama anayemwongoza kipofu. Walitoka wote mpaka upande wa pili wa barabara, nyuma ya ukuta wa bohari. Habari ilishatangulia, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Mama Sumaku hakuwahi kuusikia mtaa ule ukiwa kimya mchana. Walisimama. Hakuna kilichotokea. Mtu mmoja akacheka kidogo. Mwenyekiti akamtazama Mama Sumaku kwa jicho ambalo asingelisahau, akavuka barabara, akapiga hatua kuelekea mlangoni akachungulie.

Tanuri likalipuka.

Haukuwa mlio mkubwa kama walivyoogopa. Ulikuwa mzito, wa chini, kisha mabati ya paa yakainuka na kurudi. Mwenyekiti alikaa chini barabarani, suruali safi na yote, akabaki amekaa. Hakuumia mtu. Mama Sumaku alimshika mdogo wake kila mahali, kichwa, mabega, vidole, akiuliza, "Uko mzima? Uko mzima?" huku anamwona kwa macho yake kuwa ni mzima.

Walipoingia baadaye, alumini ilikuwa imetapakaa ukutani, imeganda kwa matone mazito. Pale aliposimama afisa palikuwa na matone. Pale aliposimama Upawa ukuta wote ulikuwa umefunikwa. Aproni msumarini ilikuwa imetobolewa kifuani, matundu makubwa ya kupitisha ngumi. Upawa aliitazama muda mrefu. Afisa alivua kofia yake, akawashukuru, akaondoka, na hakuna aliyejua ataripoti nini huko aendako.

Asubuhi iliyofuata mtaa ulifunguliwa kama kawaida. Mzee Keekee alikuwa ameanza kutoboa tangu alfajiri, na safari hii alipaka rangi nyekundu. Madoido aliomba radhi kila mlango, akalia, akanyang'anywa brashi. Chungu kipya kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni Upawa kuingia.

Alifika mpaka mlangoni na koleo lake, akasimama. Akarudi nyuma, akajifanya anafunga kamba za viatu. Akaja tena, akasimama. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata meno ya koleo yakawa yanagongana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, walisema wazee wakipita, wakitaka kumfariji. Hakufarijika.

Kufika mchana mkerezaji alikuwa amekaa juu ya mashine yake. Mng'arishaji alikuwa ameketi. Wenye mishikio walikuwa na marundo ya mishikio isiyo na sufuria. Lori la mnunuzi lilisubiri limewashwa, kisha likazimwa, na dereva akaanza kuulizia mji mwingine unaomimina alumini. Mtaa mzima ulikuwa unatazama mlango mmoja, na ndani ya mlango ule hapakuwa na mtu.

"Tutafute mmiminaji mwingine," mtu alisema.

"Yuko wapi? Ungemjua ungekuwa umeshamleta."

Mama Sumaku alisikia yote hayo kutoka kwenye marundo yake. Alijaza toroli, kila kipande akikigeuza, akikikwangua, akiingiza waya kwenye tundu mpaka utokee. Hofu ilikuwa palepale, tena imeongezeka, maana sasa alikwisha kuuona ukuta. Akalisukuma toroli mpaka kwa mdogo wake.

"Nimekagua," alisema.

"Nakuamini, dada. Mikono ndiyo haiamini."

Alilivusha toroli kizingitini, akaligeuza kopo la rangi juu chini kando ya chungu, chini ya msumari wa ile aproni, akakaa. Upawa aliingia mbio kumtoa.

"Dada, toka hapo! Umekaa karibu mno!"

"Kwani wewe hukaa wapi?"

"Mimi ni kazi yangu."

"Na hivi vipande nimevipitisha kwa mkono wangu." Alichukua kimoja kutoka torolini, akamnyooshea. "Ikiwa nimekosea, tutakwenda kumweleza baba pamoja. Shika."

Upawa alisimama ndani ya chumba ambacho tangu asubuhi alishindwa kukiingia. Alimtazama dada yake, alivyokodoa macho, jasho linamtoka na moto haujawashwa. Kisha akakipokea kile kipande.

"Washa feni," aliita nje. "Ila polepole. Dada yangu yumo."