Moto wa Pili

Moshi waliuona saa moja na nusu asubuhi, wakiwa wamefika nusu ya njia. Ulikuwa mwembamba, ukipanda kutoka bonde la upande wa magharibi. Kokuberwa, aliyekuwa ametangulia, alisimama akautazama kidogo, kisha akaendelea kupanda.

"Kuna mtu anachoma rweya," alisema Ta Karugendo nyuma yake. "Turudi."

Ilikuwa Agosti, na rweya yote, zile nyasi ndefu zinazofunika vilima juu ya mji wa Bukoba, ilikuwa imekauka mpaka imekuwa rangi ya mkate. Kokuberwa alikuwa amewaongoza wageni katika vilima hivyo kwa miaka sita. Ta Karugendo, mmoja wa wateja wake wawili siku hiyo, alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee wa miaka sitini na minane, aliyerudi kwao Kaagya baada ya kufanya kazi Dodoma maisha yake yote. Tangu waanze kupanda alikuwa ameshamsahihisha Kokuberwa mara nne: juu ya kimo cha kilima, juu ya jina la kijito, juu ya umbali wa kisiwa cha Musira, na hata juu ya namna ya kushika fimbo. Na alimsahihisha mbele ya mteja mwingine.

Mteja huyo mwingine alikuwa Stellah, mfanyabiashara wa dagaa kutoka kisiwa cha Bumbire. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyepumua kwa shida kwenye kila mwinuko lakini hakuomba kupumzika. "Miaka kumi na minane nalitazama ziwa nikiwa ndani ya mtumbwi," alikuwa amesema asubuhi. "Nataka nilione mara moja nikiwa juu yake."

"Moto uko mbali, waitu," Kokuberwa alimjibu mzee kwa neno la heshima la Kihaya. "Ikifika saa tatu kasoro upepo wa ziwa utaanza, utaurudisha ulikotoka. Ni hivyo kila siku."

"Na usipoanza?"

"Utaanza."

Mzee alikohoa, akafuata. Kokuberwa alipanda bila kugeuka nyuma. Usiku uliotangulia hakukuwa na umande, na upepo wa bara uliokuwa ukimpiga kisogoni ulikuwa na nguvu kuliko alivyozoea. Hayo yote aliyajua. Kama ni Stellah aliyesema warudi, wangekuwa wameshageuka.

Walifika juu saa mbili na nusu. Hapo kilima kinakuwa tambarare kidogo, hatua kama mia moja za nyasi, kisha mawe, kisha genge. Chini ya genge mji wote ulikuwa wazi: mapaa ya bati, minara ya kanisa, uwanja wa ndege unaoishia kwenye maji, na Musira imekaa peke yake. Baada ya hapo lilikuwa ziwa tu, mpaka macho yanaposhindwa.

Stellah alisogea mpaka kwenye mawe ya kwanza.

"Kumbe ni kubwa hivi," alisema. "Na sisi tunapita humo na mbao nne na mashine moja." Alicheka, lakini alijifuta macho.

Kokuberwa aliwasha jiko dogo la gesi ili achemshe kahawa. Maji hayakuwahi kuchemka. Alisikia sauti kama mvua inayokuja juu ya migomba, akainua kichwa. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Ndipo alipoona mwewe, wengi, wakizunguka na kujitupa chini kukamata panzi waliokuwa wakikimbia kitu.

Alizima jiko, akakimbilia ukingo wa magharibi. Moto ulikuwa umeshapanda kilima. Ulikuwa mstari mrefu wa rangi ya chungwa, na upepo ulikuwa ukiusukuma moja kwa moja kwao. Njia waliyopandia ilikuwa tayari ndani ya moshi.

"Huku!" alipiga kelele, akiwaelekeza kwenye njia ya kaskazini. Walikimbia. Baada ya hatua hamsini Stellah alianguka, akainuka, akaanguka tena, goti likitoka damu. Na mbele yao, kule njia inakopindia, ulimi mmoja wa moto ulikuwa umeshavuka.

Upande uliobaki ni genge.

"Korongoni!" alisema Ta Karugendo akinyoosha kidole kwenye ufa ulioshuka kati ya mawe ya genge. "Nimelipima korongo lile mwenyewe, mwaka wa themanini na tatu, nilipotumwa huku kikazi. Mtu anaweza kushuka."

"Limejaa vichaka vikavu, Ta Karugendo. Moto ukiingia mle, tutaungua kama tuko ndani ya bomba la moshi."

"Basi tukae kwenye mawe!"

"Mawe hayatoshi. Joto litatusukuma tudondoke."

"Sasa unataka nini, mtoto wewe?"

Kokuberwa alikuwa ameshatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili alipoiwasha, aliinama akaiweka kwenye nyasi za mbele yake, upande wa genge.

"Umechanganyikiwa!" mzee alipiga kelele. "Moto hautoshi, unaongeza mwingine?"

"Huu utakwenda mbele yetu. Ukishakula nyasi, tunaingia palipoungua. Ule mkubwa ukifika hautakuta cha kula." Alimgeukia Stellah. "Vua kitenge chako. Kimwagie maji yote. Dada, unanisikia?"

"Nakusikia," Stellah alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini alifanya alivyoambiwa.

Moto wa pili ulishika kwa mlio mkali, ukaondoka mbio kuelekea kwenye mawe, ukiacha nyuma ardhi nyeusi inayofuka. Kokuberwa alimsukuma Stellah ndani. Joto lilipenya soli za viatu. Alipogeuka kumchukua mzee, hakumwona pale alipokuwa.

Ta Karugendo alikuwa anakwenda korongoni. Alikuwa akitembea haraka, kichwa kimeinama, kama mtu anayejua njia yake.

Kokuberwa hakumbuki alivyomfikia. Anachokumbuka ni koti la mzee likichanika mkononi mwake, na mzee akimpiga fimbo begani, na yeye akimvuta tu bila kusema neno, kwa sababu moshi haukumwachia pumzi ya kusema. Cheche iliruka ikatua juu ya kiganja cha mzee, akalia. Ndipo akaacha kubisha.

Walilala kifudifudi, watatu chini ya kitenge kimoja kilicholowa, nyuso zao zimebanwa kwenye majivu. Moto mkubwa ulifika. Stellah alikuwa akimwita Bikira Maria kwa jina, tena na tena. Kisha ngurumo ikagawanyika, ikapita kulia na kushoto, ikafika kwenye mawe, ikanyamaza.

Saa tatu na robo upepo wa ziwa ulianza, baridi na safi.

Walipokaa kitako, wa kwanza kuona alikuwa Stellah. "Kule chini," alisema. Moto aliouwasha Kokuberwa haukuishia wote kwenye mawe. Tawi lake lilikuwa limefuata ukingo kaskazini, likashuka begani mwa kilima, likaingia kwenye misonobari. Lilikuwa shamba la Ma Georgina na wajane wenzake wa kijiji cha chini, walilolipanda miaka minne iliyopita. Liliwaka lote, wakitazama.

Wakishuka, Ta Karugendo alimshika Kokuberwa mkono kwa kiganja kilichokuwa kizima. "Moto ni moto," alisema kwa sauti ya chini. "Nani atajua miti iliunguzwa na upi? Mimi sitasema."

Kokuberwa aliendelea kushuka. Alifikiria kibali chake cha kuongoza wageni, na mama yake aliyemtegemea, na miaka sita ya kazi. Walipofika chini alisema, "Stellah apelekwe zahanati. Mimi nakwenda kwa Ma Georgina."

Mzee alikwenda naye, ingawa hakuombwa.

Walimkuta Ma Georgina uani, amesimama, akitazama moshi. Kokuberwa alipiga magoti akaeleza yote: kiberiti, nyasi, upepo. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza.

"Umeokoa watu," alisema. "Nimeelewa. Lakini moshi uliuona asubuhi. Mimi mwenyewe niliuona, nikaanika nguo ndani. Kwa nini hukurudi?"

Kokuberwa angeweza kusema upepo. Alimtazama Ta Karugendo, na kiganja chake kilichofungwa leso.

"Kwa sababu yeye ndiye aliyesema turudi," alisema.

Mzee aliangalia chini, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ngazi.

"Nilikuwa nimemchokoza tangu asubuhi," alisema.

"Sikukuuliza wewe," Ma Georgina alimwambia. Alikuwa akilia sasa, bila sauti. "Jumatatu uje na jembe, Kokuberwa. Na Jumatatu inayofuata. Mpaka nitakapokuambia basi."

Ofisi ya kijiji ilifunga njia za kilimani mpaka mvua zinyeshe. Stellah alirudi Bumbire akichechemea, na kila Jumapili alipiga simu. Kokuberwa alichimba mashimo ya miche kila Jumatatu, Septemba yote, na Jumatatu ya tatu Ta Karugendo alifika na kamba yake ya kupimia ili mistari ikae sawa. Wajane walimpa chai mzee. Kokuberwa hawakumpa, mpaka wiki ya nne, Ma Georgina alipomwita kwa jina lake na kumsogezea kikombe.