Gari Moja Linatosha

Bwana mmoja aliyekuwa msimamizi wa bwawa la maji la mji alistaafu, na hakumaliza hata msimu mmoja nyumbani kabla hajagundua kwamba mke wake ana safari.

Zamani asingejua. Yeye alikuwa akitoka alfajiri, na mkewe, mkunga, alikuwa na zamu zake hospitali. Walipishana mlangoni kama askari wa lindo. Kila mmoja na gari lake: la bwana kubwa, limeinuka juu, linanguruma, la mkunga dogo, la buluu, rangi imebabuka kwa jua. Mkunga alimtangulia kustaafu kwa mwaka mmoja, na kumbe mwaka huo hakuukaa bure.

Aliyelianzisha suala la magari ni binti yao, siku aliyokuja kuwasalimu akakosa pa kuegesha.

"Baba, mmestaafu wote wawili. Magari mawili ya nini? Mnashindana kwenda wapi?"

Wakacheka, wakakubaliana palepale kwamba gari moja linatosha. Lipi, hakuna aliyesema. Mzee aliona hilo halina haja ya kusemwa.

Basi akalichukua gari la mkewe akalipeleka gereji, liwekwe sawa kabla hajalitafutia mnunuzi. Fundi akataka kulijaribu barabarani, mzee akazunguka kukaa upande wa abiria. Miguu yake ikaelea. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na mgongo wake umelazwa kidogo, vile mtu mrefu anavyopenda.

"Hapa hukaa nani?"

"Mimi nitajuaje, mzee?" Fundi akacheka. "Ila mama huwa ananiambia hicho kiti nisikiguse."

Maneno yale yalimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Mkewe mfupi. Mashoga zake wafupi. Ukoo mzima, wa kuumeni na wa kukeni, haukuwa na mtu mwenye miguu ya namna ile.

Jioni alijaribu kuuliza kama mtu asiye na haraka.

"Mama, huwa unawapa watu lifti?"

"Nawapa."

"Watu gani?"

"Wenye safari," mkunga alijibu, akaendelea kukunja nguo.

Swali la tatu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, maana aliliogopa jibu. Badala yake akaanza kumchunguza. Aliona kwamba Jumanne mkewe huvaa hereni. Aliona gauni la kijani linapigwa pasi Jumatatu. Na yule mtu mrefu, ambaye hakuwahi kumwona, alizidi kunawiri kichwani mwake: leo anamwongezea masharubu, kesho suti, keshokutwa sauti nzito ya redioni.

Jumanne iliyofuata alimfuata mkewe. Gari lake halikuwa gari la kumnyatia mtu, kwa hiyo alibaki nyuma sana, shingo ameirefusha juu ya usukani. Mkunga alisimama mbele ya geti la njano. Akatoka mtu mrefu kweli, mvi zimemkaa vizuri, shati limenyooka, miwani nyeusi. Mkunga akashuka, akamshika kiwiko, akamfungulia mlango. Mzee alihisi masikio yanawaka. Miaka yote ya ndoa, yeye hajafunguliwa mlango hata siku aliyovunjika mkono!

Gari dogo likashika njia ya kutoka mjini, na kadiri lilivyokwenda ndivyo alivyozidi kutokwa jasho, kwa kuwa njia ile aliijua hata akiwa usingizini. Walikuwa wanakwenda bwawani. Bwawani kwake!

Alificha gari nyuma ya nyumba ya pampu, akanyata. Walikuwa wamekaa kwenye ukingo, mkunga anasema, yule mtu amenyoosha uso mbele.

"Kushoto kuna ndege weupe, kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba."

"Wametulia?"

"Wametulia. Mmoja tu ndiye anayehangaika, kama ana deni."

Mtu mrefu akacheka, na hapo mzee akatambua kwamba haoni. Aliona haya, lakini haya hazikuufukuza wivu. Zilikaa pembeni yake tu. Angewakuta wameshikana mikono angejua la kufanya. Kwa hili la ndege, hakujua.

"Mzee, karibu," mkunga akasema bila kugeuka. "Gari lako linasikika mji mzima."

Yule mtu akasimama, akanyoosha mkono, kidogo kando ya pale mzee alipokuwa. "Shemeji! Dada amenisimulia sana habari zako."

Mzee akaushika mkono. Hakuwa na hamu ya kuwa shemeji wa mtu yeyote.

Alikuwa mpiga picha, yule. Alipiga picha za maharusi na watoto wachanga mpaka presha ya macho ikamfungia dunia. Walijuana na mkunga hospitali, na kila Jumanne, akimtoa kliniki, pale kwenye geti la njano, mkunga humzungusha mahali na kumwambia kilichopo.

Nyumbani moto ukawaka.

"Kwa nini ulinificha?"

"Sikukuficha. Nikirudi wewe unaniuliza mafuta yamebaki kiasi gani. Yule ananiuliza nimeona nini."

"Yule haoni! Lazima aulize!"

"Na wewe kwa kuwa unaona, ndiyo huulizi?" Mkunga akavua hereni, moja, kisha ya pili. "Na gari langu haliuzwi. La kwako liuze, liweke, lifugie kuku, shauri yako. Mimi ruhusa nimeomba kazini mpaka basi."

Mzee alinuna siku kadhaa. Kisha akauza gari lake. Alimwambia binti yake eti lilikuwa linakunywa mafuta mno. Ukweli ni kwamba alijijua: likibaki gari la pili, atamfuata tena. Na palikuwa na sababu nyingine, aliyoionea haya hata kuiwaza. Nyumba ikiwa na gari moja, mke hawezi kuondoka bila kusema "twende" au "baki".

Jumanne mkunga akasema, "Twende."

Mzee akakaa nyuma ya kile kiti kilichosukumwa, magoti kifuani. Walipofika bwawani, mpiga picha akauliza, "Dada, maji leo yakoje?"

"Muulize mwenye bwawa."

Mzee akakohoa. "Kina kimeshuka kidogo. Mlango wa pili wa kutolea maji umefunguliwa nusu."

"Na rangi yake, shemeji?"

Rangi. Maji yale aliyapima, akayachuja, akayatia dawa, akayafikisha kwenye kila bomba la mji. Habari ya rangi hakuwahi kuulizwa ila yalipochafuka. Akayatazama sana.

"Kijani," akasema. Papo hapo akahisi mkewe ana neno zuri kuliko hilo, na kijicho kikamchoma. "Hapana, ngoja. Kama chupa ya zamani ukiielekeza juani. Na pale upepo unapoyakuna, yanakuwa meusi."

"Ahaa," mpiga picha akasema taratibu. "Hiyo sijapata kuambiwa."

Mzee akamgeukia mkewe upesi, kama mtoto aliyempita mwenzake darasani. Mkunga hakumtazama. Alikuwa amekunja uso, amekaza macho majini, anatafuta neno lake.