Wankyo Aliyeshika Dramu

Mwaka 1969 bendi yetu ya Mwisenge, pale Musoma, ilibaki bila mpiga dramu. Boniphace, aliyekuwa akipiga, alihamishiwa Tabora kufundisha. Magitaa yalikuwepo matatu, na mimi, Pastory, nilishika la besi. Tulipiga twisti na roki, na ukumbi ulikuwa ukijaa vijana kila Jumamosi. Bila dramu, sasa, hata sisi wenyewe tuliona aibu kujisikiliza.

Wankyo Machage alikuwa binti, fundi cherehani. Siku aliyotuletea mashati ya jukwaani alitukuta tunagombana, maana kila mmoja wetu alikuwa ameijaribu dramu akashindwa.

"Kaka Pastory, mnaharakisha," akasema. "Kwetu Nyasura tulikuwaga tunatwanga mtama watu watatu kwenye kinu kimoja. Ukiharakisha, mchi wa mwenzio unakupata mkononi."

"Basi kaa wewe," nikamjibu kwa kejeli.

Akakaa. Mguu uliozoea kukanyaga cherehani kutwa nzima ukakanyaga dramu kubwa bila kuyumba, na mikono ikafuata. Silasi, mpiga solo wetu, akaacha maneno, akachukua gitaa, akaanza kumfuata. Tangu siku ile Wankyo akawa mwenzetu.

Habari zilifika kwao Bunda kabla mwezi haujaisha. Baba yake, mzee Machage, mkulima wa pamba na mwenye ng'ombe, alituma ujumbe: binti anayepiga ngoma katikati ya wanaume asikanyage kwake. Wankyo alilia siku moja, kesho yake akaja mazoezini. Miaka mitatu hakwenda nyumbani.

Mwaka 1972 tukaalikwa Butiama kupiga kwenye sikukuu ya Saba Saba. Zikiwa zimebaki siku nane, ngozi ya dramu kubwa ikapasuka. Tulizunguka maduka yote ya Musoma tukakosa, tukaagiza Mwanza, tukaambiwa hakuna. Silasi akasema tuombe radhi tusiende.

"Tutaenda," Wankyo akasema. "Ila kwanza twende kwa Tata." Ndivyo alivyomwita baba yake.

Tukapanda basi mimi na yeye, dramu imefungwa kamba juu ya paa. Mzee tulimkuta zizini. Wankyo akapiga magoti, akamwamkia. Mzee aliitazama dramu, akaigeuza, akaparuza kwa ukucha pale ilipochanika.

"Hii ni nailoni," akasema. "Nani aliwadanganya kwamba ni ngozi?"

Akaingia ndani, akatoka na ngozi ya ndama. Siku tatu aliiloweka, akaikwangua, akaivuta juu ya dramu na kuianika, hamsemeshi binti yake ila "shika hapa" na "vuta". Siku ya nne akaigonga kwa kidole, akasikiliza.

"Piga."

Wankyo akapiga. Ng'ombe waliinua vichwa. Mama yake, Nyamburi, akatoka jikoni na unga mikononi, akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mzee aligeuka akatazama shamba lake la pamba. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliyaona mabega yake yakicheza kwa mdundo.

Butiama, wazee wasioijua twisti waliinuka wenyewe kucheza. Mzee Machage alikuja bila mtu kumwalika, akakaa mstari wa mbele. Bwana mmoja aliyeketi karibu naye akamwinamia.

"Mzee, huyo mwanamke ataipasua hiyo dramu!"

"Haipasuki," akajibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ngozi nimeikaza mimi, na mikono inayoipiga nimeizaa mimi."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nilikosea besi mara mbili, na Wankyo akanikata jicho.

Alipiga nasi miaka kumi na mmoja zaidi. Tulipokwenda Dar es Salaam kurekodi, mtangazaji mmoja alisoma majina yetu hewani akamalizia, "Na kwenye dramu, bwana Wankyo." Wankyo alimwandikia barua siku ileile, mistari minne tu. Wiki iliyofuata tulikuwa tumerudi Musoma, dukani kwa Eufrasia kule Kigera, tumeizunguka redio.

"Kwenye dramu," ikasema redio, "ni dada Wankyo Machage, mzaliwa wa Nyasura, Bunda."

Wateja wote wakageuka kumtafuta. Wankyo akanyoosha gauni lake, akasimama, wamwone vizuri.